Binti yuko JKT, mama halali usingizi

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tanga, nina miaka 43. Binti yangu wa kwanza ana miaka 19, kamaliza kidato cha sita mwaka huu na amepangiwa JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, kambi moja ya mkoa wa Iringa. Hii ni wiki ya tatu. Simu hawaruhusiwi. Amenipigia mara moja tu, Jumapili iliyopita, kwa namba nisiyoijua. Sauti imekauka kabisa, analia, 'Mama njoo unichukue,' halafu ikakatika. Nikipiga namba ile haipatikani. Tangu siku hiyo silali. Saa tisa usiku niko macho, naangalia simu mpaka alfajiri. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi inazunguka sauti ya mama anasema kuna kuruta amefariki, kambi haitajwi. Baba yake anasema nimwache, jeshi litamkomaza, nimemdekeza mno. Dawa zangu za presha nasahau kumeza. Jirani amenipa vidonge vya usingizi, nimemeza viwili na bado nikaamka. Mtoto alikuwa na pumu, mara ya mwisho kubanwa alikuwa kidato cha pili. Nilimwambia asiseme kwenye ukaguzi wa afya asije akarudishwa, na pampu tuliiacha nyumbani. Nauli ninayo. Niende nikamchukue?"

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako ni ndefu na karibu yote inahusu kimya cha simu. Mwishoni umepitisha sentensi mbili za pumu, haraka haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka la anayemdai. Nitaanza na hizo. Ndizo pekee zisizoweza kusubiri, na nadhani ndizo hasa zinazokuamsha saa tisa usiku.

Pumu ya utotoni ina desturi ya kunyamaza mtoto anapokua. Wengine huachana nayo moja kwa moja. Kwa wengine imelala tu, na vinavyoiamsha vinajulikana: baridi, vumbi, moshi, mafua, na kukimbia kwa nguvu. Binti yako amekulia kwenye joto na unyevu wa Tanga. Sasa yuko nyanda za juu, na miezi hii ya katikati ya mwaka alfajiri ya Iringa ni ya baridi kali na kavu. Anaamshwa giza halijatoka, anaingia kwenye mchakamchaka, na anakimbia huku akiimba chenja, zile nyimbo za mchakamchaka, kwa sauti ya juu. Mtu anayekimbia na kuimba hapumui kwa pua, anavuta hewa kwa mdomo. Kazi ya pua ni kuipasha hewa joto na kuitia unyevu kabla haijashuka kifuani. Ikipita mdomoni inafika ikiwa bado baridi na kavu, utando wa ndani wa njia za hewa unakauka, na kwa mwenye pumu misuli inayozizunguka hujikaza. Ndipo kifua kinapobana na kupiga filimbi, au kikohozi kinaanza, mara nyingi dakika chache baada ya kushika kasi au mara tu anaposimama.

Sisemi kwamba binti yako amebanwa. Sauti iliyokauka si dalili ya pumu. Wiki za kwanza kambini karibu kila kuruta hukaukiwa sauti, kwa sababu anaimba, anaitikia amri kwa kelele, anameza vumbi na analala kwenye baridi. Tena wiki tatu amekimbia na hakuna aliyekupigia kusema amelazwa, jambo lenye uzito wake. Lakini kama kifua kitambana, waliomzunguka hawajui kwamba ana pumu. Watadhani anategea, au amechoka, au ana mafua. Na pampu iko kabatini kwako Tanga.

Kwa hiyo leo, kabla hujamaliza hata kusoma majibu haya, toa taarifa. Tazama fomu ya maelekezo aliyopewa kabla ya kuripoti, kama ina namba ya kambi ipige asubuhi saa za kazi. Kama huipati, nenda ofisi ya mkuu wa wilaya umwulize mshauri wa mgambo. Ni mwanajeshi, na mtu wa kazi hiyo aghalabu anajua njia ya kumfikia mkuu wa kambi kuliko wewe na mimi. Ukipata mtu wa kuzungumza naye, usianze na usingizi wako wala na kilio cha Jumapili. Sema majina yake matatu, shule aliyotoka, kombania, yaani kikosi alichopangiwa humo kambini, kama unaijua, kisha: "Ana historia ya pumu, mara ya mwisho alibanwa mwaka fulani, dawa aliyokuwa akitumia ni hii, hakusema kwenye ukaguzi, naomba daktari wa kambi amwone." Maneno hayo hayazidi dakika moja. Omba jina na cheo cha unayezungumza naye, uandike. Siku hiyohiyo nenda hospitali alikokuwa akitibiwa, uombe barua ya daktari yenye historia yake, na uulize njia ya kumfikishia pampu kwa kibali cha kambi. Usimpelekee ile ya zamani bila kuangalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Na daktari aamue upya ni dawa gani, maana tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kupendekeza pampu ya bluu ya kufungua kifua peke yake. Siku hizi huambatanishwa na dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya njia za hewa.

Unaogopa atarudishwa. Inawezekana, sitakudanganya. Inawezekana pia akabaki, akapunguziwa mazoezi ya alfajiri, akawa na pampu mfukoni na wakufunzi wanajua. Matangazo ya JKT kila mwaka yanaelekeza vijana wenye ulemavu unaoonekana kwa macho waripoti kambi ya Ruvu, Mlandizi, iliyo na miundombinu inayowafaa. Jeshi lenyewe, basi, linajua kwamba miili haifanani. Cheti cha JKT kina faida yake, hasa kwa kijana anayetaka ajira kwenye vyombo vya ulinzi. Ila kukipata kwa kuficha ugonjwa unaoweza kumziba pumzi ni biashara ambayo wewe mwenyewe hungeikubali kama ungeulizwa mchana, ukiwa umelala vizuri. Uliifanya kwa upendo na kwa hofu. Sikulaumu, nimewaona madaktari wenzangu wakiifanya kwa watoto wao.

Sasa nauli. Usiende kumchukua. Nenda kama siku mbili za kupiga simu na kupita wilayani zimeshindikana na taarifa ya pumu haijafika, au ukisikia mojawapo ya dalili nitakazozitaja hapo chini. Na ukienda, ni safari ya zaidi ya kilomita 600, kwa hiyo lala Iringa mjini kwanza. Fika getini mchana, na barua ya daktari mkononi, uombe kuonana na afisa na mganga wa kambi. Usije ukapanga na mtoto kwa simu ya kuazima akutane nawe kwenye uzio. Kutoroka kambini ni kosa, na utakuwa umemwongezea shida ambayo hakuwa nayo.

Turudi kwenye kimya. Watu watakwambia "hakuna habari ni habari njema," na wewe unaona wanakupuuza. Naona wamekosea mahali padogo tu. Kimya hakina habari ndani yake, si njema si mbaya, na mwili wa mwanadamu hauwezi kuvumilia kitu kitupu namna hiyo. Mwaka 2016 watafiti wa London waliwachezesha watu mchezo wa kompyuta ambapo walikisia kama chini ya jiwe kuna nyoka, na kila nyoka alipokuwepo walipigwa mshtuko wa umeme mkononi. Walipima jasho na mboni za macho. Watu hawakuwa na msongo mkubwa zaidi pale walipojua kwa hakika kwamba mshtuko unakuja. Msongo ulifika kileleni pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu, pale ambapo hawakujua. Yeyote aliyekatikiwa na umeme dakika ya 80 timu yake ikiwa sare analijua hilo bila maabara.

Mwili ukiwa katika hali hiyo unafanya kazi ya mlinzi wa usiku asiyeona getini. Homoni za tahadhari zinabaki juu, moyo unakwenda mbio, masikio yanasikia kila kitu. Nusu ya pili ya usiku usingizi wa kila mtu huwa mwepesi, na karibu na alfajiri homoni ya kotisoli huanza kupanda yenyewe ili kukuandaa kuamka. Wewe tahadhari yako ilikuwa juu tangu jioni, basi kupanda huko kidogo kunatosha kukufungua macho saa tisa. Unachukua simu. Hakuna kitu. Kwa sekunde chache unapata nafuu, angalau hakuna habari mbaya. Nafuu hiyo fupi ndiyo mtego wenyewe. Ubongo umejifunza kwamba kuangalia simu kunatuliza, kwa hiyo baada ya dakika kumi unaagiza tena. Ukiendelea hivyo wiki tatu, unaweza kuendelea kuamka saa tisa hata mtoto akiwa amelala chumba cha pili.

Kuna jambo jingine linalowapata wazazi wa umri wako, na sijaliona likisemwa sana. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Utaratibu wa mujibu wa sheria ulisimamishwa mwaka 1994 ukarudi 2013. Fanya hesabu: wewe na pengine mumeo pia mlimaliza shule katikati ya pengo hilo. Nyinyi ni kizazi kilichorukwa. Mama yangu alipokuwa akinisubiri mimi, mtaa mzima ulikuwa umejaa watu waliokwishapita kambini. Alikuwa akiambiwa na wajomba, na walimu, na mwuza mkaa, "Hiyo ni wiki ya kwata, wiki ya pili atazoea, tulilia wote." Wewe huna mtu wa kukuchorea ramani, una filamu na WhatsApp. Mtafute shangazi au babu aliyepita miaka ya 70 au 80, ukae naye alasiri moja akusimulie siku ya kuruta ilivyo tangu kuamshwa: mchakamchaka, usafi, uji, kwata, shamba, darasani, lindo la usiku, na kulala hangani wamepangana kama dagaa. Atatia chumvi, bila shaka. Lakini mahali palipo wazi kichwani mwako patapata picha, na picha hata ngumu ni nyepesi kubeba kuliko giza.

Mimi nilikwenda mwishoni mwa miaka ya 80, na nina deni la kusimulia. Siku ya nne kambini nilimwandikia mama barua. Nilimwambia nakufa, nimevimba miguu, sili, wanatuchukia, mtume kaka anichukue. Nikaiweka kwenye posta, nikalia, nikalala. Barua ilikaa njiani karibu mwezi mzima. Ilipofika mikononi mwa mama mimi nilikuwa kiongozi wa chenja kwenye kombania yetu, nina marafiki sita na nimenenepa kwa ugali. Mama hakujua. Aliisoma kama nimeiandika asubuhi ileile. Alilia majuma mawili kwa ajili ya msichana ambaye hakuwepo tena. Nilipopata barua yake ya majibu, yenye madoa ya machozi, nilishangaa kabisa: nani amemwambia mama kwamba nateseka?

Simu ya Jumapili ni barua yangu ile, imefupishwa tu safari. Ukiwa na huzuni ya kuachana na nyumbani, sauti ya mama ndiyo ufunguo wa bwawa. Kuruta anaweza kushinda siku tatu akicheka na wenzake, akipata dakika moja ya simu akasikia "haloo" yako, yote yanamwagika. Amelala saa chache, ana njaa, misuli inamuuma, na kwa mara ya kwanza maishani hakuna anayemjua kama mtoto wa fulani. Analia, anasema njoo unichukue, simu inakatika, anafuta uso, anarudi kwenye foleni. Yeye amekwisha kuutua mzigo. Wewe umebaki nao kichwani siku zote hizi, na huna wa kumrudishia. Wiki ya kwanza mpaka ya tatu ndiyo ngumu kwa wengi. Baadaye mwili unazoea, urafiki unashika, na kuna fahari inaingia ambayo mtoto mwenyewe hakuitegemea. Si kwa wote. Ila ni kwa wengi kiasi cha kutosha kwamba kilio cha wiki ya tatu, peke yake, si sababu ya kumwondoa.

Kilio chenye maneno mengine ndani yake ni sababu ya kusikiliza tofauti. Wazazi wote wanaosoma hapa, sikilizeni haya. Mtoto akisema kifua kinapiga filimbi, anaamka usiku kwa kukohoa, au hawezi kumaliza sentensi bila kukata pumzi, hiyo ni pumu na ni ya siku hiyohiyo. Akisema ana homa, hasa aliyetoka pwani au kando ya ziwa, apimwe malaria, asiambiwe ni baridi ya huko; vimelea husafiri na mtu kwenye basi. Akisema baada ya zoezi zito misuli imevimba na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, misuli inavunjika na inaweza kuziba figo, aende hospitali bila kusubiri kesho. Maumivu ya mguu yaliyokaa sehemu moja ya mfupa, yanayozidi kila siku badala ya kupungua, huweza kuwa mfupa uliopata ufa. Akizungumzia kufa, au akisema hataki tena kuwepo, usimwambie ajikaze. Na binti au kijana akikwambia kuna mtu anamwita peke yake usiku, au anamgusa, au anamtishia, hayo hayana uhusiano wowote na nidhamu ya jeshi. Mkuu wa kambi aambiwe, na dawati la jinsia la polisi lipo kwa ajili hiyo. Binti lazima ajue kabla kwamba akikwambia jambo la namna hiyo utamwamini.

Ile sauti ya WhatsApp siwezi kukuhakikishia ni ya uongo, kwa sababu siijui. Nakuhakikishia jambo moja: haikusaidii. Haina kambi, haina tarehe, haina jina. Jambo zito likimpata kijana, anayetafutwa kwa kawaida ni ndugu aliyemwandika kwenye fomu, yaani wewe, na halianzii kwa mama asiyejulikana anayesambazwa kundi hadi kundi. Toka kwenye kundi kwa muda, au mwombe mzazi mmoja mwenye akili tulivu abaki humo na akupigie kama kuna tangazo la kweli. Uungwana unaruhusu.

Baba yake. Maneno "jeshi litamkomaza" ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli inaudhi kuliko uongo. Shida humkomaza mtu pale inapokuwa na mwisho unaojulikana, inapobebwa na wengi, inapokuwa na maana, na mtu anapopata kula na kulala. Miezi mitatu ya JKT kwa kijana mwenye afya kwa sehemu kubwa ina sifa hizo. Shida isiyo na mwisho na isiyo na shahidi haikomazi, inavunja. Na hofu ya kuwapeleka wasomi kambini si udhaifu wa akina mama wa leo. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana kupinga kwenda jeshini, mpaka Mwalimu Nyerere akawafukuza warudi vijijini kwao. Kwa hiyo usimbishie mumeo kama umemdekeza au hukumdekeza. Mazungumzo hayo hayana mwisho. Mpe kazi. Mwambie kuhusu pumu, kama hajui kwamba mlificha, na umtume yeye kwa mshauri wa mgambo. Nimeona akina baba wengi wanaosema "mwache" kwa sababu hawajui kitu kingine cha kufanya. Ukimpa kitu cha kufanya, ukali unapungua.

Sasa mwili wako. Anza tena dawa za presha leo kwa kipimo kilekile ulichoandikiwa, usifidie ulivyoruka. Ziweke pamoja na mswaki. Asiyelala presha hupanda, na asiyemeza dawa hupanda zaidi, na wewe unafanya yote mawili. Kapime wiki hii. Vidonge vya jirani mrudishie. Kama ni vya jamii ya diazepam, vinazoeleka haraka na kuviacha ni kazi. Kama ni vile vya mzio vinavyoleta usingizi, ubongo huvizoea ndani ya siku chache tu. Usiku simu iwe na mlio mkubwa, lakini ikae mbali na kitanda, mezani. Kambi ikikutafuta kwa dharura italia na utaamka. Ukiamka saa tisa bila mlio, usiishike. Ukiona robo saa imepita na usingizi haurudi, ondoka kitandani, kaa sehemu yenye mwanga hafifu, fanya kitu kisicho na maana, kama kukunja nguo. Ukiwa mtu wa sala, hiyo ni saa nzuri ya sala, mradi usiigeuze kuwa saa ya kumhoji Mungu kuhusu kambi.

Na hofu itengee muda wake. Saa kumi na moja jioni, dakika ishirini, na daftari. Andika kila unachokiogopa, kisha uliza kila mstari: kuna ninachoweza kufanya kabla ya kesho jioni? Kama kipo, kifanye. Kama hakipo, mstari ubaki kwenye daftari mpaka kesho saa kumi na moja. Mwanzoni utaona ni upuuzi. Baada ya siku nne tano hofu hujifunza ratiba, mara nyingi. Kurasa za mwisho za daftari hilohilo mwandikie yeye: leo mdogo wako kapata alama hizi, paka kazaa, mwembe umeanza maua. Atazisoma akirudi.

Ukifikisha wiki mbili zaidi bila kulala vizuri, au huli, au kazi imekushinda, au unajikuta unafikiria kwamba ni afadhali usingekuwepo, usiningoje mimi niandike tena. Nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga, ueleze hivyo hivyo ulivyonieleza. Daktari wa afya ya akili hatakufanya mgonjwa wa akili; anatibu usingizi na hofu kila siku ya wiki. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au shingoni, pamoja na presha yako, ni ya saa ileile.

Limebaki moja. Atapiga tena, na huenda ukapata dakika moja. Usimwulize "wanakutesa?" kwa sababu atajibu ndiyo. Usimwambie hulali, asije akakaa lindo usiku akikuhurumia wewe. Mwache alie kwanza, sekunde ishirini, usimkatishe. Kisha umwulize kifua, umwulize rafiki yake anaitwa nani, na umwambie jambo ambalo hakuna afande wala daktari anayeweza kumwambia kwa niaba yako. Wewe ndiye uliyempa amri ya kuficha pumu. Yeye ni mtoto mtiifu, na sasa yuko mahali ambapo utii ndio kila kitu. Hata kifua kikimbana kesho anaweza kunyamaza kwa sababu mama alisema asiseme. Amri hiyo itengue wewe mwenyewe, kwa sauti yako: "Mwanangu, nilikosea. Waambie una pumu. Nimeshawapigia, wanajua, huna kosa."